Maji Yanayokuja Kusikiliza

Spika ya Kikosi cha Vumbi ilikuwa ikichajiwa kwa Edgar kinyozi, kwenye sola ile ile iliyoendesha mashine ya kunyolea. Sola haikuweza kazi mbili kwa pamoja, kwa hiyo wateja wa Jumamosi hiyo walinyolewa upande mmoja wa kichwa, kisha wakakaa kwenye benchi kusubiri spika ishibe ndipo wamaliziwe upande wa pili. Hakuna aliyelalamika. Watu wa Ntumba Juu wamezoea kusubiri, na kichwa chenye nywele upande mmoja si msiba.

Kikosi cha Vumbi kilikuwa na watu wawili. Lidia alichana mistari, Mwandu alipiga biti kwa mdomo. Lidia alikuwa binti wa wakulima ambao wazazi wao walikimbia kutoka Burundi, wakapewa mashamba huku Katavi, na baada ya miaka mingi wakapewa na uraia. Mwandu alikuwa mjukuu wa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakitafuta malisho. Pande hizi mbili za kijiji ziligombana kila mwaka kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mihogo. Hip-hop haikuingia kwenye mihogo ya mtu, kwa hiyo iliachwa.

Spika, maiki na fulana mbili za njano zililetwa na Dorotea, ofisa wa shirika moja dogo lenye chumba Mpanda mjini, Kashaulili, nyuma ya maduka ya vitenge. Shirika hilo liliamini kwamba hip-hop inaweza kuamsha jamii, na Dorotea aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote. Alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Mada aliyowapangia vijana wa Ntumba Juu ilikuwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sabuni aliwaletea katoni nzima.

"Na maji, dada?" Lidia alimuuliza.

"Maji yako nje ya mradi wetu, mdogo wangu," alisema Dorotea, na alionekana kuumia kweli.

Ntumba Juu kilikuwa na kisima, ila hakikuwa na maji. Wafadhili wengine, waliokuja kabla ya Dorotea, walileta gari lenye mashine ndefu, likatoboa ardhi kwenye uwanja wa shule, likaacha bomba la chuma limechomoza kutoka ardhini kimo cha goti. Nyuma yake zikaja pampu, paneli za sola na marundo ya mabomba meusi. Fundi wa kuvifunga alikuwa aje baadaye. Mwenyekiti wa kijiji, Aloyce, akavichukua vile vitu akavitunze nyumbani kwake visije vikaibwa. Baadaye akavitunza bustanini kwake kando ya mto, na kwa kuwa chuma kikikaa bure hushika kutu, akavifanyisha kazi. Nyanya zake zilikuwa nzuri sana. Zilifika hadi soko la Mpanda mjini, na watu wa kijiji aliwauzia kwa bei ya ujirani. Kila mtu alijua zinanyweshewa na nini. Mdomo wa bomba la chuma pale shuleni ulifunikwa na jiwe, watoto wasitumbukize wanasesere wao.

Mto ule kiangazi hukauka, yakabaki madimbwi. Dimbwi la juu lilikuwa la watu na la chini lilikuwa la viboko na mamba. Wakubwa kwa wadogo waliuheshimu mgawanyo huo, hata mamba wenyewe. Ila pampu ya Aloyce ilinyonya dimbwi la juu mpaka tope lake likapasuka, na akina mama wakahamia dimbwi la chini, wakichota mmoja mmoja huku wengine wakipiga madebe kufukuza. Candide, dada yake Lidia, mtoto wa kwanza wa Séverine, alishuka asubuhi moja kabla wenye madebe hawajafika. Ndoo ilipatikana ikielea. Candide hakupatikana, kwa hiyo ilizikwa ndoo. Katekista alisoma masomo yote kama kawaida, na watu wakaacha kanga na unga msibani kama kawaida, na Séverine akaendelea kuitwa Mama Candide, maana hakuna aliyejua namna ya kulibadilisha jina hilo.

Lidia alitunga mistari kuhusu jambo lile siku chache baada ya kuzika ndoo. Aliitunga bila kulia na bila kuiandika. Ilikaa tu kichwani, akaiacha huko.

Sasa kuhusu dawa. Bibi yake Mwandu, Nyanzala, alikuwa mjane wa manju mmoja, kiongozi wa ngoma ya Wagika, na alikulia kwenye mashindano ya ngoma. Kule kwao ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na hakuna mwamuzi. Aliyekusanya watu wengi kuliko mwenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo ngoma haiingii uwanjani mikono mitupu. Dawa ya kuvuta watu hufukiwa mahali ngoma itakaposimama, na dawa hiyo ina masharti yake. Haipendi uongo. Manju akimsema mtu kwa jambo ambalo mtu huyo hakulifanya, watazamaji humhama wote wakaenda upande wa pili, na anaweza kuimba hadi koo likakauka asipate hata mbwa wa kumsikiliza.

"Bibi, hii si ngoma, hii ni hip-hop," Mwandu alimwambia.

"Wanaimba?"

"Wanaimba."

"Wanawasema watu?"

"Wanawasema."

"Watu wanakuja kutazama?"

"Wakija."

"Basi ni ngoma," alisema Nyanzala, akachukua jembe lake.

Ila kilikuwa kiangazi, na uwanja wa shule ulikuwa mgumu. Jembe liliruka mara kadhaa, na mpini ukamtia malengelenge. Nyanzala alitazama huku na huku akaliona lile bomba la chuma. Alisogeza jiwe, akatumbukiza dawa yote ndani, akarudisha jiwe. Shimo ni shimo, alijiambia. Aliisikiliza ikishuka kwa muda mrefu, halafu akaenda kukamua ng'ombe.

Onyesho lilifanyika jioni ya Jumamosi ile ile, na watu hawakujaa. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, wengi walikuwa huko. Walikuja wazee wachache, watoto, wateja wa Edgar wenye vichwa vya nusu, Mama Candide, na Mwenyekiti Aloyce aliyebebewa kiti chake kwa sababu ya cheo. Dorotea alisimama pembeni na simu yake, tayari kupiga picha. Mwandu akaanza biti. Lidia akashika maiki, akaanza ule wimbo wa kunawa mikono, na akafika mahali pa kusema maji yanayotiririka. Hapo aliitazama mikono ya watoto waliokaa mbele. Ilikuwa ya kijivu kwa vumbi mpaka kwenye viwiko. Akanyamaza. Mwandu aliendelea, maana biti ikikatika ni aibu. Ndipo Lidia akatoa ile mistari mingine.

*Bomba la kijiji limelala bustani,*
*linanywesha nyanya, sisi tunywe nini?*
*Dimbwi la juu kavu, mwenyekiti yuko ndani,*
*tukashuka la chini, kwa mwenyewe mtoni.*

Jiwe lililokuwa juu ya bomba la chuma lilitikisika. Lidia hakuliona, alikuwa amefumba macho.

*Candide kashika ndoo, jua halijatoka,*
*ndoo imerudi juu, Candide hajatoka.*
*Mama anaita jina, maji yanaitikia,*
*nyie wenye mihuri, mmesikia?*

Jiwe lilianguka na maji yakatoka. Hayakuruka juu wala hayakutiririka kwenda mtaroni. Yalishuka taratibu kwenye ukingo wa bomba, yakasogea hadi mbele ya waimbaji, yakakaa. Mengine yakaja nyuma ya hayo, yakakaa pia, mpaka yakafanya duara kuwazunguka Lidia na Mwandu, kina chake mpaka magotini. Mzee mmoja alisogeza mguu ili yapite. Yalikuwa maji masafi na ya baridi, na yalitulia kabisa, kama yanavyotulia maji ya mtungi. Lidia alipomaliza, yalikaa bado kidogo kusubiri kama kuna mwingine, kisha yakarudi bombani kwa foleni.

"Nimekosea shimo," alisema Nyanzala. "Dawa imeita wa chini."

Watu walisema si kitu, mkubwa naye ni binadamu. Aloyce alikuwa amesikia akitajwa. Alipiga makofi kwa kuwa wote walikuwa wakipiga makofi, halafu akamnong'oneza mtu aende kwake akamletee ndoo.

Kuanzia hapo maji yalipatikana kila asubuhi. Lidia aliamka, akavaa fulana ya njano, akaenda shuleni, na Mwandu akamkuta huko. Ndoo zilipangwa mstari. Akina mama walijifunza kuchota kwa nyuma, wasiyakinge maji ya mbele yakashindwa kuona. Walijifunza pia kwamba kwenye ubeti wa mabomba maji hufika kwenye vifundo vya miguu, kwenye ubeti wa Candide hupanda hadi magoti, na hapo ndipo pa kuchota. Ng'ombe waliletwa mwisho. Walikunywa wakiwa wamemwelekea Lidia.

Waliwahi kujaribu njia nyingine, kwa kuwa hawakuwa wakatili. Dorotea alirekodi sauti ya Lidia kwenye simu, wakaipiga kwa spika. Maji yalipanda, yakachungulia, yakaona spika tu, yakarudi. Mwandu alijaribu kuchana yeye. Yalikuja kidogo kwa adabu, lakini Candide hakuwa dada yake, na habari ya kusimuliwa haikuyakalisha. Mtu mwingine aliyekuwa na haki ya mistari ile alikuwa Séverine. Yeye alisema hajui kuimba, na ilikuwa kweli.

Dorotea aliandika ripoti ndefu iliyosema hip-hop imeleta maji kijijini, na hakuna aliyeweza kumbishia. Shirika lilifurahi sana, likahamishia mradi kijiji kingine upande wa Karema, ambako mada ilikuwa vyandarua. Kabla hajaondoka alimletea Lidia mwaliko wa kwenda Mpanda mjini kujifunza kurekodi studio kwa muda wa mwezi mmoja, chakula na malazi juu ya shirika. Kijiji kiliupokea mwaliko ule kwa heshima. Libérat, mkulima wa mihogo na mzee wa kanisa, ndiye aliyetumwa kumjibu.

"Dada yetu, tunashukuru," alimwambia. "Ila mtu habebi kisima akaenda nacho mjini."

Dorotea aliona ukweli wa neno hilo. Alimkumbatia Lidia akapanda pikipiki.

Mwanzoni ubeti ule ulimuuma Lidia kila asubuhi. Alipofika kwenye ndoo iliyorudi, maji yalisogea karibu zaidi kama yanayomwonea huruma. Baadaye uliacha kumuuma. Jina la dada yake lilimtoka mdomoni kama jina la kituo cha basi. Alijaribu siku moja kuukumbuka uso wa Candide akaona fulana ya njano, na foleni ya ndoo, na midomo ya ng'ombe. Aliogopa. Alimwambia Mwandu kwamba anaogopa, na Mwandu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya biti, alimpa muwa.

"Bomba lingerudishwa tu likafungwa kisimani," alisema Lidia. "Lingefungwa, nikanyamaza. Nikinyamaza mwaka mzima labda atarudi."

Hakumaanisha mtoni. Alimaanisha kichwani. Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka, na alikitaka kuliko studio.

Sasa, sanaa ina nguvu, hilo Dorotea hakukosea. Aloyce alikuwa ameusikia wimbo ule asubuhi nyingi, akisimama kwenye foleni na ndoo yake kama mtu mwingine yeyote, maana uongozi haumzuii mtu kuwa na kiu. Mwanzoni aliusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Halafu akaanza kuuimba bila kujijua akiwa anapalilia nyanya. Asubuhi moja, akiwa amejitwisha ndoo njiani, maneno yalimwingia. Alisimama akalia kwa sauti. Mkewe alimwambia atue ndoo kwanza, akatua, akaendelea kulia mpaka jua likawa kali.

Jioni yake mkokoteni wa ng'ombe ulikuja uwanjani. Ulibeba pampu, paneli za sola na mabomba meusi, yote, pamoja na udongo wa bustanini. Watu wakakusanyika.

"Ndugu zangu," alisema Aloyce, "mimi nimesikia. Nimeguswa. Yule binti ameniambia ukweli mbele yenu, na mimi nimekuwa nachota kwenye ukweli huo huo nanywa. Vitu vyenu hivi hapa. Mnisamehe. Mama Candide, wewe zaidi."

Mama Candide alisema, "Haya, mwenyekiti."

Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Fundi Stanslaus wa Mpanda mjini alipigiwa simu hapo hapo, akasema hongereni sana, atakuja wiki ijayo au ile nyingine, akipata mafuta ya pikipiki. Usiku ule Lidia alisikia njaa, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa muda mrefu. Alikula ugali na dagaa wa Ikola, akaongeza, akalala bila kujipangia mistari.

Asubuhi alienda shuleni, mojawapo ya mara chache za mwisho, kama alivyodhani. Mabomba yalikuwa yamelazwa pembeni ya kisima. Mwandu akaanza, na Lidia akachana kwamba bomba la kijiji limelala bustani. Maji hayakuja. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Maji hayakuja. Akaruka moja kwa moja kwenda kwa Candide, lakini huwezi kumfikia Candide bila kupita kwenye bomba, na ndani ya lile tundu la chuma hakukusikika kitu.

"Anamsema mtu kwa jambo ambalo hayuko nalo," alisema Nyanzala. "Dawa imemgeuka."

Wakamwomba Lidia aseme ukweli wa sasa. Alifikiri kidogo akachana kwamba bomba limerudi, mwenyekiti ametubu, kijiji kinashukuru. Mistari ilikaa vizuri na vina vilikuwepo. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakasikiliza mstari mmoja na nusu, yakashuka zake.

"Ngoma ya kusifia haijazi uwanja," alisema Nyanzala. "Toka zamani."

Siku ile akina mama walirudi dimbwi la chini na madebe yao. Hakuliwa mtu, ila mbuzi mmoja, na msichana mmoja alirudi mbio bila ndoo wala kiatu. Ng'ombe walilia hadi jioni. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Fundi Stanslaus alipopigiwa tena alisema yuko njiani, na nyuma yake ilisikika televisheni.

Jioni mkutano wa kijiji uliitwa. Penye wengi hapaharibiki neno, na siku hiyo walikuwa wengi, wafugaji upande huu na wakulima upande ule. Kwa mara ya kwanza hawakuzungumzia mihogo. Libérat ndiye aliyesimama.

"Mwenyekiti amefanya jambo jema, hatukatai," alisema. "Ila wema wake umetukuta vibaya. Tunamwomba avichukue vile vitu avirudishe bustanini. Kwa muda tu."

"Jamani," alisema Aloyce, "mimi nimeshatubu. Nimeungama mpaka kwa katekista."

"Mungu ameshaona, mwenyekiti. Hawezi kukuhesabia mara mbili."

"Na dimbwi la juu? Ndio limeanza kurudisha tope bichi."

"Litakauka tena," alisema mfugaji mmoja kwa upole. "Hatutalihitaji."

Ndipo Lidia akaomba kusema. Alizoea kuongea mbele ya watu kwa maiki, na bila maiki sauti yake ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani.

"Mimi naomba vitu vibaki hapa," alisema. "Tuvumilie mpaka fundi aje. Tuweke walinzi mtoni, tushuke wote kwa pamoja na madebe. Fundi akifunga, maji yatatoka hata mimi nikiwa nimelala. Mimi... sitaki kusema tena habari za Candide. Nikiendelea kusema ataisha."

Watu walimsikiliza mpaka mwisho. Walimpenda, na walitikisa vichwa kwa masikitiko ya kweli. Mzee mmoja akasema pole sana binti yetu, na wengine wakaitikia pole. Kisha wakamgeukia mama yake, kwa kuwa marehemu alikuwa wake kwanza.

Séverine aliyaangalia yale mabomba. Halafu akainuka, akafunga kanga kiunoni, akashika ncha ya bomba la kwanza akaliweka begani. Mtu akashika katikati na mwingine mwisho. Aloyce alitangulia kuwaonyesha njia, ingawa wote waliijua. Mwandu aliwapigia biti ili hatua zilingane, maana bomba refu likibebwa ovyo huvunjika.

Bustanini walifunga pampu wenyewe. Haikuwa kazi ngumu, maana alama za mwanzo bado zilikuwepo kwenye mti, na vijana waliokuwa wakimsaidia Aloyce walijua kila nati. Wengine waliona kwamba kama wanajua kuifunga hapa wangeweza kuifunga na kule, lakini walikuwa wameshachoka, na pampu ilikuwa imeshawaka. Aloyce aliwapa kila mmoja nyanya kadhaa za kwenda nazo nyumbani. Alizitoa bila kuwatazama.

Fundi Stanslaus alifika baada ya muda, akakuta kisima hakina cha kufungwa. Walimkaribisha maji, akanywa, akasubiri asubuhi ausikie wimbo wenyewe. Alisema ni mistari mizito, kwamba vijana kama hawa ndio wanaohitajika kuifumbua macho jamii, akarudi mjini. Ofisi fulani ilituma mtu kuchora alama ya maji kwenye ramani, mahali pa Ntumba Juu, na kijiji kikatolewa kwenye vijiji vinavyosubiri.

Lidia alikwenda shuleni asubuhi, kama kila siku. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu vijiji vya jirani navyo vilikuwa vimeanza kuja. Alishika maiki. Alisema bomba la kijiji limelala bustani, nalo lilikuwa limelala bustani, na maji yakatoka kwa utulivu yakakaa mahali pake. Aloyce alikuwa kwenye foleni, kofia mkononi. Ubeti wa pili Lidia aliupita bila kufumba macho. Maji yalipanda hadi magotini. Akina mama walichota kwa nyuma, haraka, bila kusukumana. Alipomaliza aliteremsha maiki, na maji yakaanza kusogea kurudi.

"Lidia, mwanangu."

Alikuwa mama yake, ameinama na kata mkononi mwisho wa mstari.

"Rudia pale pa Candide," alisema Séverine. "Ndoo haijajaa."

Lidia alimtazama. Mwandu alirudisha biti. Maji, yaliyokuwa yameshaanza kuingia bombani, yaligeuka yakakaa tena, na Lidia akapandisha maiki akaanza kwenye ndoo na jua ambalo halijatoka, huku mama yake akichota.